Midoli Kumi na Miwili ya Mawese

Nianze na ujinga, maana ukianza na ujinga watu wanakaa kusikiliza. Mwezi wa sita mwaka huu nilichukua midoli kumi na miwili ya kizungu, ya plastiki, yenye nywele za njano, nikaipaka mawese niliyochanganya na masizi ya sufuria, nikaipeleka kwenye chekechea moja hapa Ujiji na kusema bila kupepesa macho kwamba hii ndiyo midoli myeusi mliyoagiza. Niliona nimetumia akili. Niliendelea kuona hivyo mpaka saa sita mchana.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba. Shule yetu imetangaza masomo ya ziada kila Jumamosi na kila likizo mpaka mtihani wa taifa, kwa hiyo kiti changu kwenye banda la midoli la Mama Shukuru kimebaki wazi, na Eliya wa kidato cha kwanza ndiye atakayekikalia. Eliya, nakuandikia wewe, na yeyote atakayekuja baada yako. Habari za mshahara sizigusi, hakuna cha kugusa. Kupanda cheo pia tuache: niliingia nikiwa mshindiliaji sufi, nimetoka nikiwa mshindiliaji sufi mwandamizi, cheo nilichojipa mwenyewe nikiwa chooni.

Nilipelekwa pale na mama yangu mzazi, anayeuza mawese Katubuka, katika likizo ya Desemba nikiwa kidato cha kwanza kama wewe. Nilikuwa nimemvalisha mbuzi wa jirani kibao cha ANAUZWA, na watu wawili wakafika kwa jirani kukagua meno. Mama akasema likizo iliyobaki nitakaa popote duniani isipokuwa nyumbani. Popote ikawa kwa Mama Shukuru, fundi cherehani mwenye banda karibu na soko la Ujiji, ambaye alikuwa ameacha kushona magauni na kuanza kushona midoli ya vitambaa.

Siku ya kwanza ilikuwa hivi.

"Shikamoo, Mama Shukuru."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Nikaonyesha.

"Kanawe."

"Nimenawa nyumbani."

"Nyumbani kwenu kuna midoli? Kanawe, Rama."

Nikanawa. Nikarudi. Akanusa vidole vyangu kama anayenunua dagaa, akanirudisha tena. Siku ile nilinawa mara tano kabla sijaruhusiwa kugusa hata uzi. Nilidhani ananichukia. Wala, ndiyo kazi yenyewe. Mdoli wa kitambaa unakula uchafu wa mkono wa fundi, na mtoto anakwenda kulala nao shavuni. Kwa hiyo Eliya, nawa kabla hujaambiwa, utaokoa nusu siku.

Vifaa ni vichache. Cherehani huigusi, ukiigusa utajua mwenyewe. Una sindano ndefu ya shazia, makasi, chaki, na kijiti cha kushindilia kilicholainishwa ncha. Sufi inaingia kidogo kidogo, miguu kwanza, kichwa mwisho. Ukianza na kichwa, shingo inalegea na mdoli unakuwa kama mlevi anayesikiliza hotuba. Macho yanashonwa kwa uzi, hatutumii vifungo, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu akikiona kifungo anakiona pipi. Nywele ni nyuzi nyeusi, na lazima ujue mitindo ya kuzisuka: mabutu, vitunguu, twende kilioni. Mimi nilisuka twende kilioni juu ya goti langu mpaka masela wa shuleni wakaniita Dada Rama wa saluni. Niliwaambia waje niwasuke. Mmoja alikuja kweli, kwa siri. Jina lake nalihifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Jambo la kwanza utakaloona ndani ya banda ni vitambaa vinne vya rangi za ngozi ya watu, vilivyokunjwa kwenye rafu. Mama Shukuru amevipa majina: Asali, Karanga, Kahawa na Chungu. Mzazi akija kuagiza, lazima aje na mtoto. Mtoto anakunja mkono wa shati, Mama Shukuru anamlazia kitambaa juu ya mkono, kutoka kiwiko mpaka kiganja, anatazama, anabadilisha, anatazama tena. Anaita kupima mkono. Usipopima, hashoni. Nilimwona akimrudisha mama mmoja aliyekuja na kipimo kichwani.

"Fundi, binti yangu ni kama Kahawa, lakini mfanyie mweupe kidogo. Atapendeza."

"Nimpunguze na nini kingine? Masikio?"

"Jamani, mimi nasema mdoli."

"Na mimi nasema binti yako. Mlete nimpime."

Yule mama alisonya njia nzima mpaka barabarani. Kesho yake alimleta.

Nilimuuliza Mama Shukuru kwa nini anajisumbua hivyo, mdoli ni mdoli. Hakunijibu siku ile. Alinijibu baada ya miezi, tukiwa tunatenga mabaki ya vitambaa. Alisema Shukuru, binti yake ambaye sasa ni mtu mzima, akiwa na miaka mitano alikuwa na mdoli wa mtumba, mweupe, macho ya bluu. Alikuwa akiubeba mgongoni kwa kipande cha kanga, anauimbia. Siku moja akamwambia mama yake, "Nikikua nitazaa kama huyu. Sitazaa kama mimi." Alisema kwa furaha, anapanga maisha. Mama Shukuru alikuwa anashona gauni la mteja, kitambaa cha kahawia. Akasimamisha cherehani. Gauni lile mteja hakulipata kamwe.

Alimaliza kusimulia akaniambia nimefunga fundo vibaya, nifungue. Nikafungua. Nilielewa hadithi, nadhani, lakini niliielewa kama unavyoelewa somo ambalo haliko kwenye mtihani.

Mwezi wa sita mwaka huu, sisi wa sekondari tukiwa likizo, akaja Mwalimu Pendo, mwalimu wa chekechea, mgeni kutoka Iringa, mtu mpole anayeongea kana kwamba kila mtu ana miaka mitano. Alisema darasani kwake kuna sanduku la midoli ya msaada, yote ya kizungu, na kuna kitu kinamsumbua. Watoto wanacheza baba na mama kila siku, lakini mdoli haujawahi kuwa mtoto hata mara moja.

"Unakuwa nani?" Mama Shukuru akauliza.

"Mgeni. Wanaupa kiti. Wanasimama mstari wanausalimia gudi moningi. Halafu wanabeba chupa tupu ya maji mgongoni, ndiyo mtoto."

Mimi nilicheka mpaka nikajichoma na shazia. Mama Shukuru hakucheka. Aliuliza watoto ni wangapi. Kumi na wawili. Siku iliyofuata akaenda na vitambaa vyake, akapima mikono kumi na miwili, akarudi, akakata miili kumi na miwili. Asali wawili, Karanga wanne, Kahawa watano, Chungu mmoja. Chungu kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu. Akaipanga mezani, akanikabidhi. Dada yake alikuwa anaumwa Ilagala na ilibidi aende.

"Una siku tano. Shindilia, shona, suka. Jumatatu asubuhi unapeleka. Watoto wameambiwa Jumatatu, Rama. Mtoto wa miaka mitano akiambiwa Jumatatu, hakuna Jumanne."

"Mama, ondoka na amani."

Aliondoka na amani. Mimi nikaondoka na mpira. Kulikuwa na mashindano ya mtaa, sisi tuliingia nusu fainali, na siku tano ukizitazama Jumatano zinaonekana nyingi sana. Jumapili jioni nilikuwa na midoli miwili, yote shingo za walevi.

Nyuma ya banda kuna gunia la midoli ya mtumba. Mama Shukuru huinunua kwa ajili ya viatu na vinguo vyake tu, miili anaacha humo. Nililitazama lile gunia na kichwa kikawaka. Nikakimbia Katubuka, nikachota kikombe cha mawese kwenye dumu la mama, nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikachemsha, nikakoroga. Rangi ilitoka nzuri, nisiseme uongo. Kahawia yenye mng'ao. Nikaokota kitambaa cha karibu mezani, nikachovya, nikapaka midoli kumi na miwili, na nywele nikazitia masizi matupu. Nikaianika dirishani usiku kucha.

Asubuhi ilikuwa imekauka kabisa. Niliigusa kwa kidole, haikutoka. Upepo wa ziwa ulikuwa unauma masikio.

Sasa, kila aliyezaliwa Kigoma anajua kwamba asubuhi za mwezi wa sita mawese yanaganda, unayakata kwa kijiko, na jua likipanda yanarudi kuwa maji. Mimi ni mtoto wa muuza mawese. Nimeyakata kwa kijiko tangu nina meno. Lakini asubuhi ile sikuona mawese, niliona midoli myeusi.

Mwalimu Pendo alipofungua boksi aliinua mmoja. "Mbona plastiki? Si tulikubaliana vitambaa?"

"Modeli mpya, Mwalimu. Inadumu."

"Na inanukia..."

"Dawa ya mbu."

Alitaka kuuliza tena lakini watoto walishamzingira. Na hapa lazima niseme kitu, hata kama kinaniumiza. Ilifanya kazi. Nilisimama dirishani nikaona. Kila mtoto alichukua mmoja, na hakuna aliyeupa kiti. Hakuna aliyesema gudi moningi. Walitafuta vitambaa, wakafungana vitambaa, wakabeba mgongoni. Kulikuwa na binti mmoja mdogo, mweusi kuliko wote darasani, weusi wa kung'aa, anaitwa Subira. Aliushika wake kwa mbali, akausogeza, akaulaza shavu kwa shavu.

"Huyu ni wa kwangu," akasema. "Amefanana na mimi."

Nikaondoka nikipiga mluzi.

Saa sita nilirudi kuangalia mafanikio yangu. Nilisikia kelele nikiwa bado njiani. Jua lilikuwa limepanda na watoto walikuwa uwanjani. Mashati meupe yalikuwa na alama mgongoni, mikononi, mashavuni, alama za kahawia na nyeusi zenye mafuta. Mtoto mmoja alikuwa analia, "Mwalimu, mtoto wangu amejinyea!" Mwalimu Pendo alikuwa anakimbia na ndoo ya maji, na maji yakawa yanaongeza tu. Kelvin, mvulana mmoja mnene wa miaka sita, aliutupa mdoli wake chini na kujifuta kwenye ukuta.

"Mweusi anachafua! Mweusi anachafua!"

Mimi nilikuwa getini. Ningeweza kuingia nikamsaidia Mwalimu. Ningeweza hata kukimbia, ingekuwa nafuu. Lakini mdomo wangu, Eliya, haujawahi kuona kelele ukakaa kimya. Nikapaza sauti, "Msilie jamani! Hajakauka tu huyo! Mwanikeni juani!"

Watoto wachache walicheka. Nilifurahi walivyocheka. Kisha Kelvin akageuka, akamtazama Subira, ambaye alikuwa bado amebeba wake mgongoni, ameng'ang'ania, mafuta yanamchuruzika mpaka shingoni.

"Subira naye hajakauka!"

"Hajakauka! Hajakauka!" Lilikuwa neno langu. Lilikuwa na sauti ndogo ndogo kumi.

"Kelvin!" Mwalimu Pendo aliita, lakini neno lilishapata miguu.

Muda wa kwenda nyumbani watoto wale hupanga mstari wawili wawili, wanashikana mikono mpaka getini. Subira alikuwa pacha wa Kelvin kwenye mstari. Nilimwona Kelvin anavuta mkono wa sweta yake, anaushusha mpaka ufunike kiganja, halafu ndipo anamnyooshea. Mtoto wa miaka sita. Alifanya kwa adabu, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Subira aliitazama ile sweta. Akaweka mikono yote miwili nyuma, akatembea peke yake. Alinipita pale getini karibu kabisa. Hakunitazama.

Mama Shukuru alirudi Jumanne. Nilikuwa nimeshaosha midoli yote kwa sabuni ya unga na ilikuwa imegeuka kijivu, kama maiti. Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Alisikiliza, akaenda mezani, akaokota kile kitambaa nilichopakia mawese. Akakikunjua. Kilikuwa na umbo la mwili wa mdoli, mikono miwili na miguu miwili.

"Hiki kilikuwa cha nani?"

"Sijui, Mama."

"Ni Chungu. Kilikuwa cha Subira. Darasa zima ni yeye mmoja." Akakiweka chini taratibu. "Nilipima mikono kumi na miwili, Rama. Wewe umepaka rangi moja."

Siku ile na usiku wake nilishindilia midoli. Hakuniambia nishindilie, na hakuniambia niache. Jumatano mchana kumi na mmoja ilikuwa tayari, shingo zimesimama, nywele zimesukwa. Nilikuwa nafunga fundo la mwisho Mwalimu Pendo alipoingia. Hakusalimu vizuri. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Subira hajaja shule jana wala leo. Nimetoka kwao. Mama yake alimkuta uani na lile jiwe la kusugulia miguu. Amejisugua mkono mpaka damu. Alikuwa anamuuliza mama yake, nikisugua sana nitakauka?"

Nje kulikuwa na bodaboda anabishana na abiria, nilisikia kila neno lao.

"Mama yake anataka kujua neno hilo lilitoka wapi," Mwalimu akaendelea. "Nimemwambia ni watoto tu, wanatunga. Rama, sikukutaja. Una shule, una maisha. Likipita limepita."

Mama Shukuru aliendelea kukata uzi. Hakuinua kichwa. Nakuambia Eliya, mlango ulikuwa wazi. Ningesema asante Mwalimu na hakuna mtu angenifuata, leo wala kesho. Nilihesabu pumzi tatu. Nilikuwa naisikia mikono yangu inatoka jasho juu ya mdoli wa watu.

"Neno ni langu," nikasema. "Nitakwenda kusema."

Mama Shukuru akaweka makasi. "Na kitambaa?"

"Nitatafuta."

"Utatafuta kwa mkono wa nani? Huwezi kupima kwa kukumbuka."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojitwika. Nilitakiwa kulaza kitambaa juu ya mkono ule ule.

Mchana ule nilizunguka kwa mafundi wa Ujiji wote, nikapanda mpaka Mwanga, naomba mabaki. Nilipata vipande saba vya kahawia iliyokolea. Alhamisi asubuhi Mama Shukuru alinisindikiza mpaka kona ya nyumba ya kina Subira.

"Mimi nakomea hapa," akasema. "Na Rama. Ukisikia utani unakuja, umeze."

Mama Subira alikuwa uani anatwanga isombe, majani ya muhogo. Mchi ulikuwa mrefu kunizidi. Nilisimama mbali kidogo, umbali wa mchi mmoja na nusu, nikamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye. Wewe wa wapi?"

"Mimi mtoto wa yule mama anayeuza mawese Katubuka."

"Ah, namjua, nanunua kwake. Kakutuma?"

"Hapana. Lile neno la kukauka. Watoto hawakulitunga. Ni mimi niliyelisema pale getini, nikafurahi walivyocheka. Na ile midoli niliipaka mimi, kwa sababu sikufanya kazi niliyopewa."

Mchi ulisimama juu. Haukushuka. Niliutazama ule mchi, yeye akanitazama mimi, na hatukuwa na haraka yoyote.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana nilishasikia linavyosikika.

Akaushusha mchi kwenye kinu polepole. "Mimi nikikupiga nitapoza moyo wangu, yeye je? Usiniambie mimi. Yuko pale mlangoni. Mwambie yeye."

Subira alikuwa amekaa kizingitini, mkono wa kulia umeviringishwa kitambaa cheupe. Nilichuchumaa. Nimewachekesha walimu wakuu wawili na afisa mmoja wa polisi maishani mwangu, lakini utani ulipokuja, nikaumeza.

"Subira. Ile midoli haikuwa myeusi. Ilikuwa myeupe, mimi nikaipaka mafuta ya kupikia na masizi. Mafuta yakayeyuka. Mweusi hachafui. Kilichochafua ni mafuta yangu."

Alifikiri. "Mafuta ya isombe?"

"Hayo hayo."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mvivu na mjinga."

Alikubali kwa kichwa, kana kwamba hilo alishalijua. Nikatoa vipande saba, nikavipanga kwenye goti. Nikamwambia nataka kushona mdoli wake wa kweli, lakini lazima nipime. Akaficha mikono yote miwili ndani ya gauni. Nikasubiri. Mama yake hakutwanga. Nikakunja shati langu, nikalaza kipande cha kwanza juu ya mkono wangu mwenyewe.

"Hiki kwangu hakikubali. Unaona? Mimi ni Kahawa. Cha pili nacho hakikubali. Hivi vyote vimenizidi. Hapa hakuna changu."

Akasogea kutazama. Akakagua mkono wangu, akakagua kitambaa. Halafu mkono wa kushoto, ule mzima, ukatoka ndani ya gauni kidogo, mpaka kwenye kifundo. Nikalaza cha kwanza. Chekundu mno. Cha pili, cha tatu. Niliogopa cha saba kitakataa nacho. Cha tano nilipokilaza sikuona mwisho wa kitambaa wala mwanzo wa ngozi.

"Hicho," akasema Subira.

"Hiki kimetoka kwenye koti la bwana harusi. Fundi wa Mwanga ndiye aliyekibakiza."

"La bwana harusi kweli?"

"Muulize fundi."

Nilishona palepale kizingitini, kwa mkono, saa nne mpaka alasiri. Yeye alishindilia sufi kwa mkono wa kushoto. Alianza na kichwa. Nikamwambia, akatoa yote, akaanza na miguu. Nywele alitaka vitunguu. Nilipomkabidhi hakuubeba. Alitia kidole mate, akausugua mdoli usoni, kwa nguvu, mpaka nikaogopa mshono utafumuka. Akatazama kidole. Akakifuta kwenye gauni lake, akatazama gauni. Akaushika mkono wangu, akausugua vilevile, akatazama. Mwisho akajisugua yeye, mara moja tu, na kidole. Akatazama kidole muda mrefu.

Mama yake aligeuka, akaanza kutwanga isombe ambayo ilishalainika.

Ijumaa asubuhi nilikuwa getini na boksi la midoli kumi na mmoja. Subira alikuja amebeba wake mgongoni. Watoto walipanga mstari wa kuingia darasani, wawili wawili. Kelvin alimwona, na mkono wake ukaenda kwenye sweta. Mwalimu Pendo akapiga hatua. Nikaona anataka kusema, nikaona anajizuia.

Subira alifungua kanga, akautoa mdoli, akamnyooshea Kelvin.

"Msugue."

"Sitaki."

"Msugue, Kelvin. Unaogopa?"

Neno la kuogopa lilimpata. Akasugua kwa kidole kimoja. Akatazama. Akasugua kwa viganja vyote viwili, akavigeuza, akatuonyesha sisi wote viganja vyake kama vile ndiye aliyegundua. Kisha mstari ukaitwa. Subira akaushika mdoli mkono wa kulia. Kelvin, baada ya kusitasita, akaushika mkono wa kushoto wa mdoli. Wakaingia darasani hivyo, watatu, mdoli ukining'inia katikati.

Nilikwenda moja kwa moja Katubuka. Mama alikuwa anamimina mawese kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa za wateja. Nilimsimulia yote tangu kikombe nilichochota, sikuacha kitu, na nilipofika kwenye mstari wa Ijumaa nilitegemea atatabasamu. Hakuacha kumimina.

"Na mtoto," akauliza, "wamemshika mkono?"

"Kelvin ameshika mkono wa mdoli, mama. Upande huu mdoli, upande huu—"

Akafunga chupa, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka chini. Ndipo akanitazama, na alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Nimekuuliza mkono wa mtoto, Rama. Jumatatu unarudi pale getini, na Jumanne, na Jumatano, na usiniletee tena habari ya mdoli."